Kutulia Si Kutakata

Aliyekulia kando ya mto anaijua kazi ya shabu. Msimu wa mvua maji yanatekwa yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Ndoo inawekwa kivulini, kipande cha shabu kinazungushwa ndani mara chache, kisha watu wanakwenda zao shambani au sokoni. Wakirudi wanakuta juu maji maangavu na chini tope limelala. Mtoto akija na kikombe anaambiwa achote taratibu, asiitikise ndoo. Onyo hilo lina elimu kubwa ndani yake: tope halijaondoka, limetulia tu, na anayesahau hivyo atalinywa.

Siri ya shabu iko kwenye chaji. Chembe za udongo wa mfinyanzi ni ndogo mno, na kila moja imebeba chaji hasi usoni pake. Hasi na hasi hufukuzana, kwa hiyo chembe hizo zinaelea siku nyingi bila kushikana na kuzama. Shabu huleta alumini yenye chaji chanya, ugomvi unapoa, chembe zinakusanyana mafungu, mafungu yanakuwa mazito na kushuka. Na palipo na chaji, umeme nao una la kusema. Mwaka 1809 Ferdinand Friedrich Reuss, mwanasayansi aliyekuwa Moscow, alipitisha umeme wa betri katika udongo wa mfinyanzi uliolowa, akaona maji yakisafiri ndani ya udongo kuelekea nguzo ya hasi bila kusukumwa na chochote kingine, huku chembe za udongo zikielekea upande wa chanya. Mwaka 1939 mhandisi Leo Casagrande aliitumia elimu hiyo huko Salzgitter, Ujerumani, mahali palipochimbwa njia ya reli katika udongo uliojaa maji. Kingo zilikuwa haziwezi kusimama. Nguzo za chuma zikachomekwa ardhini, umeme ukawashwa, maji yakavutwa kwenye nguzo za hasi na kupampiwa nje, na kingo zikasimama.

Kwa hiyo sibishani na wanaosema kwamba umeme unaweza kulishusha tope na kulikamua maji. Unaweza. Mwaka 2000 watafiti wa Kanada walichapisha majaribio waliyofanya kwa mashapo machafu ya Mto Welland, Ontario: yalipopitishiwa umeme, yalishuka na kushikamana vizuri kuliko yalipoachwa yashuke kwa uzito wake pekee. Hiyo ni kazi halali na yenye faida, kwa sababu tope lililoshikamana halisombwi ovyo na mkondo na halijazi dampo kwa maji matupu. Hatari inaanza pale mtu anaposimama juu ya maji yaliyotulia na kutangaza kwamba yametakata. Kisa cha Bellingham kinafaa kusimuliwa kwa sababu pale walikuwepo watu waliokataa kutangaza kabla ya kupima.

Bellingham ni mji wa bandari katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani, karibu na mpaka wa Kanada. Ufukweni palikuwa na kiwanda cha karatasi, na mbele yake sehemu ya maji ya bahari ambamo magogo yaliegeshwa yakielea hadi zamu yao ya kusagwa ifike. Sehemu hiyo iliitwa Log Pond, bwawa la magogo. Mwaka 1965 kiwanda kilianza kuendesha mtambo wa kutengeneza klorini na magadi makali, vitu vinavyohitajika katika kazi ya karatasi. Mitambo mingi ya aina hiyo enzi zile ilifanya kazi kwa kupitisha umeme katika maji ya chumvi juu ya tabaka la zebaki, na zebaki ndiyo iliyokuwa nguzo ya hasi. Kila siku kiasi fulani kilivuja na maji machafu. Hadi mwaka 1971 maji hayo yalimwagwa moja kwa moja katika bwawa la magogo.

Msomaji, liangalie jambo hili vizuri kabla hatujaendelea. Zebaki ya Bellingham ilifika tope la bahari kwa sababu ya umeme. Miaka thelathini baadaye walikuja watu kusema kwamba umeme utaitoa.

Ahadi yao ilikuwa nzuri. Nguzo za chuma zingechomekwa kwenye mashapo, moja chanya na moja hasi, kisha mkondo mdogo ungepitishwa kati yake kwa miezi. Masalia ya mafuta na lami yaliyomo topeni yangevunjwavunjwa hadi yaishe. Zebaki ingefunguliwa kutoka ilikojishikiza, ingesafiri hadi kwenye nguzo, ingegandamana nazo, na siku ya mwisho nguzo zingeng'olewa pamoja na sumu. Hakuna kuchimba, hakuna malori, hakuna tope kutibuliwa na kusambaa ghubani. Ukiwa kiongozi wa mji wenye tope la sumu na bajeti finyu, utaacha kuisikiliza ahadi kama hiyo?

Waliofanya la busara ni Wakala wa Ulinzi wa Mazingira wa Marekani na idara ya mazingira ya jimbo la Washington. Wakala huo ulikuwa na programu maalumu ya kupima teknolojia mpya, na sharti lake lilikuwa kwamba anayeuza si yeye anayepima. Mashapo ya bwawa la magogo yalichotwa sampuli kabla ya umeme kuwashwa na yakachotwa tena baadaye. Tathmini iliendeshwa kuanzia Agosti 2002 hadi Machi 2003. Matokeo yalipopigiwa hesabu, zebaki haikuonyesha kupungua kwa maana yoyote. Masalia ya mafuta nayo hayakuonyesha kuvunjika kama ilivyoahidiwa. Ripoti ikachapishwa, na hadi leo mtu yeyote anaweza kuisoma.

Kwa nini zebaki haikuitikia mwito? Anayeijua kemia ya tope la bahari hatashangaa, na sababu hizi ndizo ninazotaka zibaki kichwani mwa msomaji, maana ahadi ya namna hii ikifika kwetu itakuja na picha nzuri za kompyuta na maneno mengi ya kitaalamu.

Umeme hauburuti kila kitu. Unaburuta kilichoyeyuka ndani ya maji na chenye chaji, yaani ioni. Tope la chini ya bahari halina hewa. Humo bakteria hutengeneza ile gesi yenye harufu ya yai viza ambayo kila aliyewahi kukanyaga tope la mikoko anaijua. Salfa iliyo katika gesi hiyo huishika zebaki na kufanya nayo jiwe gumu dogo ambalo karibu haliyeyuki kabisa katika maji. Zebaki iliyoolewa na salfa haina chaji ya kuiambia nguzo "nipo hapa". Umeme unapita kando yake kama basi linalopita mbele ya nyumba ambayo milango imefungwa na wenyewe wamelala.

Halafu kuna chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi iliyoyeyuka, ilhali zebaki katika mashapo machafu hupimwa kwa miligramu katika kilo. Ioni za sodiamu na kloridi zimejaa kituoni kwa mamilioni, kila moja ina chaji, na kila moja inataka kupanda. Karibu viti vyote vinajaa hao. Unalipia umeme wote, lakini sehemu kubwa kabisa umeitumia kusafirisha chumvi ya bahari kutoka upande huu kwenda upande ule. Ikifika kwenye nguzo ya chanya, kloridi hugeuka klorini, na klorini ikikutana na mabaki ya majani na mimea iliyooza huzaa michanganyiko mipya yenye sumu ambayo haikuwepo siku ulipoanza.

Wanajeshi wa Marekani waliliona hilo huko Point Mugu, California. Katika kituo cha jeshi la majini kilicho jirani na bahari palikuwa na mabwawa mawili yaliyopokea maji machafu ya kazi ya kupaka metali tangu 1947 hadi 1978, na udongo wake ulibaki na kromiamu na kadimiamu. Mwaka 1998 walijaribu kuutoa uchafu huo kwa umeme. Maji ya chini ya ardhi pale yalikuwa na kloridi nyingi kwa sababu ya ujirani na bahari. Kazi ikapungua kasi, klorini na michanganyiko yake ikajitokeza kwenye visima vya nguzo za chanya, na jaribio likasimamishwa kwa kukosa ufanisi. Metali zilikuwepo, umeme ulikuwepo, wataalamu walikuwepo, ila chumvi haikuwa imepewa uzito unaostahili mapema.

Lipo jambo jingine, na kwangu ndilo linalotisha zaidi kwa kuwa linaweza kumdanganya hata mtu mwaminifu. Umeme unapopita katika tope lenye maji, huyavunja maji yenyewe. Upande wa chanya panazaliwa asidi, upande wa hasi panazaliwa alkali. Asidi inatembea kutoka huku, alkali kutoka kule, na mahali fulani katikati zinakutana. Metali iliyo karibu na nguzo ya chanya huyeyushwa na asidi, ikaanza safari kuelekea hasi. Inapofika kwenye mpaka wa alkali inaganda palepale na kujirundika. Sasa fikiria mpimaji anayechota tope karibu na nguzo ya chanya. Atakuta pasafi. Atapiga picha, ataandika asilimia, na mkutanoni atapigiwa makofi. Hatua chache mbele ya aliposimama, sumu imekuwa nzito kuliko ilivyokuwa kabla. Hakuna gramu iliyotoka. Imehamishwa chumba, basi.

Na mahali penye chokaa nyingi hata safari hiyo fupi inaweza isianze, kwa sababu chokaa huinywa asidi yote. Sehemu kubwa ya pwani yetu kutoka Lamu hadi Mtwara imejengwa juu ya matumbawe na makombe yaliyosagika. Atakayekuja na nguzo zake Mombasa au Dar es Salaam itabidi aijibu chokaa kabla ya kuijibu zebaki.

Nguzo zenyewe nazo haziachwi salama. Umeme unapotoka kwenye nguzo ya chuma iliyo upande wa chanya, chuma kinayeyuka. Hesabu ya Faraday haina huruma: ampea moja ikipita mwaka mzima inakula kilo tisa hivi za chuma. Mradi wa ampea mia unakula chuma kwa mamia ya kilo, na chuma hicho kinaingia topeni.

Nisimdhulumu mtu. Zipo kazi za namna hii zilizofaulu, na ni muhimu kujua zilifaulu wapi. Huko Paducah, Kentucky, udongo mzito wa mfinyanzi uliingiwa na kiyeyushi cha viwandani, trikloroethilini, na hakuna pampu iliyoweza kukinyonya humo. Jaribio lilianza mwaka 1995. Umeme ulitumiwa kuyasogeza maji ndani ya udongo ili yapite kwenye pazia za unga wa chuma, na chuma ndicho kilichokivunja kiyeyushi. Ilifanya kazi, hata ikatumika kwa ukubwa kamili mahali pale. Tazama tofauti. Sumu ilikuwa imeyeyuka katika maji, haikuwa jiwe. Maji hayakuwa ya bahari. Udongo ulikuwa wa aina hasa ambayo umeme unaimudu. Na lililo kubwa kuliko yote, palikuwa na jibu la swali "sumu ikishasogezwa inakwenda wapi?" Inakwenda kwenye pazia, na hapo inavunjika.

Zebaki haina jibu hilo. Zebaki ni elementi, haivunjiki. Huwezi kuimaliza. Unaweza kuitoa na kuiweka pengine, unaweza kuifunika, au unaweza kuisahau, na ikisahauliwa katika tope lisilo na hewa kuna bakteria wanaoigeuza kuwa zebaki ya methili, ile inayopanda kutoka mdudu hadi dagaa, kutoka dagaa hadi samaki mkubwa, kutoka samaki hadi mama mjamzito. Kwa sababu hiyo kulikoroga tope la zebaki bila hakika ya matokeo si jaribio la kufanyiwa masihara.

Minamata, Japani, walilijua hilo kwa gharama ya miili yao. Ugonjwa unaotokana na zebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, kiwanda kiliendelea kumwaga zebaki majini hadi 1968, na waliotambuliwa kuwa wagonjwa wamepita 2,000. Ilipofika zamu ya kulishughulikia tope la ghuba, kati ya 1977 na 1990, hawakusema litasafishwa. Walishughulikia kiasi cha mita za ujazo milioni 1.5 za mashapo kwa uangalifu mkubwa yasitibuke, wakayaweka nyuma ya kuta, wakayafunika kwa udongo safi, na pakapatikana ardhi mpya ya hekta 58. Leo pana bustani. Kazi hiyo iligharimu yeni bilioni 48.5. Kila Mjapani anayetembea katika bustani ile anaweza kuambiwa ukweli: zebaki iko chini ya miguu yako, tumeizuia, tunailinda. Hilo naliheshimu kuliko ahadi ya muujiza. Bellingham nao bwawa la magogo lilifunikwa kwa tabaka la mashapo safi, na baada ya hapo ikawa kazi ya kuchunguza miaka kwa miaka kama kifuniko kinashika.

Haya hayako mbali nasi. Kuzunguka Ziwa Victoria, upande wa Geita na upande wa Migori, wachimbaji wadogo wanasaga mawe kwenye makarasha na kuikamata dhahabu kwa zebaki. Marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, yanarundikwa kando ya vijito, mvua inayasomba, na sehemu ya zebaki inaishia katika mashapo ya mito na ziwa. Tanzania na Kenya zote ni wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, kwa hiyo fedha za kusafisha zitatafutwa na wauzaji wa ufumbuzi watakuja. Wengine watakuja na umeme wa jua, kwa sababu jua tunalo, na itasikika vizuri sana. Lakini zebaki inayotoka kwa mchimbaji ni ile ya maji ya fedha, matone yanayong'aa na kukimbiakimbia kiganjani. Matone hayo ni metali tupu, hayana chaji. Hata katika maji baridi ya ziwa, ambako chumvi si tatizo, umeme utapita usiyaguse hadi kwanza kitu kingine kiyayeyushe. Na atakayemimina kemikali ya kuyayeyusha ndani ya mto ambao watu wanavua samaki na kuteka maji lazima kwanza aeleze ataizuiaje isimponyoke. Nijuavyo mimi mito yetu ya msimu wa mvua, sioni wa kuizuia.

Nafuu kubwa iko juu kabisa ya mlolongo, pale zebaki inapofunguliwa kwenye chupa. Mchimbaji akipata njia ya kukamata dhahabu bila zebaki, au akitumia kifaa kinachoirudisha zebaki badala ya kuichoma wazi, kijito hakitahitaji nguzo wala betri. Ghuba ya Minamata ilichukua miaka 13 kushughulikiwa. Kufunga bomba la kiwanda mwaka 1956 kungechukua siku moja.

Ndugu yangu uliye diwani, mwenyekiti wa kijiji, au kiongozi wa kikundi cha usimamizi wa fukwe: siku mradi wa kusafisha tope utakapoletwa mezani kwako, usihoji kwanza kuhusu volti wala ukubwa wa paneli. Uliza zebaki iliyomo ni kilo ngapi na nani aliyepima. Uliza iko katika hali gani: imeyeyuka, imeshikwa na salfa, au ni matone. Uliza sampuli za mwisho zitachotwa sehemu ngapi, na kama katikati ya nguzo pamo. Taka mpimaji asiyelipwa na muuzaji. Kisha, siku ya kukabidhi kazi, dai kuonyeshwa kwa macho chombo chenye sumu iliyotolewa, kiwekwe kwenye mizani mbele ya wanakijiji. Kilo zilizo kwenye mizani zikipungua kuliko zilizoahidiwa, zuia malipo, na mwambie kila mama anayeuza dagaa pale mwaloni kwamba tope bado lina kilekile lilichokuwa nacho.